Mgeni wa Misibani

Mimi ni mwoga. Watu hawaamini, kwa sababu nina cheo begani na sauti ya kufokea watu, lakini ndivyo nilivyo. Naogopa radi, naogopa nyoka, na kuliko vyote naogopa kumchuria mtu. Kwetu Kondoa ukisema fulani amekufa naye yu hai, umekwenda mwenyewe kukiita kifo chake. Basi fikirieni hali yangu siku ile Afande Fabian aliponiita ofisini kwake Dodoma, akafunga mlango, akasema, "Sajenti Kuluthumu, tunahitaji maiti."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Afande Fabian hana mzaha hata siku ya sikukuu.

Tulikuwa tumefika mwisho wa akili zetu. Kule Chimwaga, kwenye vyumba wanavyopanga wanafunzi, kijana mmoja alilala mchana, ikashindikana kumwamsha. Wenzake wakammwagia maji, wakampiga makofi, wakidhani ni pombe. Alipofikishwa hospitali pumzi zilikuwa zinakuja moja moja, na mpaka leo hajarudi kuwa yule waliyemjua. Chini ya kitanda chake tulikuta chupa ya plastiki yenye maji ya kijani. Ilikuwa mofini, ile ya kunywa, ambayo hospitali huichanganya na kuwapa wagonjwa wa saratani wanaouguzwa nyumbani ili wapunguziwe maumivu. Wanafunzi walikuwa wanaitia kwenye soda. Lebo ilikuwa imekwanguliwa, ila ukiigeuzia mwanga jina lilisomeka: Loisi, mama mmoja wa Kizota. Na huyo mama alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nikaenda Kizota na Filipo. Filipo ni konstebo niliyepangiwa kufanya naye kazi, kijana wa Kigogo, mrefu, mpole kupita kiasi. Nimeshamwambia mara nyingi kwamba upole ule angeupeleka kanisani, siyo polisi. Nyumba ya marehemu iko nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, kwa hiyo tuliongea kwa kupigiana kelele. Binti wa marehemu akasema dawa iliyobaki ilichukuliwa na mtu wa hospitali.

"Alikuja siku ya mazishi," alisema. "Akakaa na sisi mkekani, akaimba, akatoa na rambirambi. Baadaye akasema dawa hizi si vizuri kukaa nyumbani, akaondoka nazo."

"Anaitwa nani?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Afande, mtu amekuja kukulilia mama yako, utamuulizaje jina?"

Hospitali ikasema haikutuma mtu. Tukazunguka kwenye nyumba nyingine zilizofiwa na wagonjwa wa dawa hiyo, na karibu kila nyumba alikuwa amefika. Kwa Wakristo alivaa koti na alijua kuimba sauti ya tatu. Kwa Waislamu alivaa kanzu iliyopigwa pasi na aliitikia dua mpaka mwisho. Wote walimsifu kwa unyenyekevu wake, na hilo ndilo lililonitia ubaridi. Mwizi wa dirishani utamwekea nondo. Huyu alikuwa anaingia siku ambayo hakuna nyumba Tanzania hii inayofunga mlango wake.

Sasa mpango wa Afande ulikuwa huu. Hospitali ile ina kundi la simu la ndugu wanaouguza. Humo watu huulizia dawa, hutiana moyo, na mgonjwa akifa hutangazwa. Mgeni wetu lazima alikuwa humo, amejificha katikati ya namba zisizo na majina. Tutangaze kifo cha mgonjwa aliye hai, tukae nyumbani kwake na chupa iwe kando ya kitanda, tumsubiri. Ilitakiwa familia inayoweza kutunza siri.

Afande akawa anachezea kalamu, hanitazami. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Baba yangu, Mzee Mbwana, alikuwa na saratani iliyokwisha kuingia kwenye mifupa. Alikuwa anauguzwa nyumbani Kondoa, na chupa yake ya kijani ilitumwa kwa basi kutoka hospitali hiyohiyo.

"Hapana, Afande," nikasema. "Mwingine yeyote, lakini siyo baba."

Nilimsimulia baba mwisho wa wiki nilipokwenda kumwona. Nia yangu ilikuwa tukasirike wote wawili. Yeye akacheka, halafu kicheko kikamgeukia kuwa maumivu, akauma kanga aliyokuwa anaishika kwa ajili hiyo. Miaka yote alikuwa mfanyabiashara wa alizeti, mtu wa sauti, anayebishana bei mpaka muuzaji anaomba po. Sasa alikuwa amebaki macho na mdomo. Nesi Yasinta, anayewahudumia wagonjwa wa majumbani, alikuwa ameipandisha dozi yake tena na tena, na kila ikipanda maumivu nayo yanapanda. Tukasema ugonjwa ndio unaomla. Tukamwambia avumilie. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo mpaka nikawa naichukia sauti yangu.

"Nitangazeni," akasema alipopata pumzi. "Nimewazika watu wa mji huu wote. Nami nataka nione nani atakuja kwangu na nani atasingizia shamba."

"Baba, huko ni kujichuria!"

"Kulu, mwanangu, mimi kifo nakiona kila siku, kimekaa hapo kwenye kiti. Hakina haja ya kuitwa." Akanishika mkono kwa vidole vikavu. "Yule kijana wa Chimwaga ana baba yake. Mkamate huyo mtu."

Nilikubali.

Siku tuliyochagua, shangazi Munira, dada yake baba anayekaa naye, nilikuwa nimemtafutia sababu ya kwenda Babati kumsalimia bintiye, maana shangazi siri kwake ni kitu cha kugawana. Filipo alikuja amevaa kofia ya kuazima isiyomtosha. Kazi yake ilikuwa moja tu: kukaa mlangoni pa chumba cha baba na asibanduke. Mlango wenyewe unafungukia uani. Mtu yeyote akiingia, baba alale kimya chini ya shuka. Mgeni akishaigusa chupa, tumkamate.

Baada ya swala ya alfajiri nikaanza kuandika kwenye simu. Nikafuta. Nikaandika tena, herufi zinaruka. Kuandika "baba yetu ametutoka" huku unamwona anakodoa macho akikutazama, sikutakii wewe.

"Tia na neno 'mpendwa'," akasema baba. "Usinibanie."

Nikatia. Nikatuma.

Afande Fabian ni mtu wa ofisini, alidhani tangazo la kundi la simu linakaa kwenye kundi la simu. Mimi mtoto wa Kondoa nilipaswa kujua zaidi. Mama mmoja kwenye kundi lile alikuwa na kaka yake hapo sokoni. Kaka yule hakupiga simu kuuliza, kwa sababu kifo hakiulizwi. Alikwenda moja kwa moja msikitini. Hata chai sijaichemsha nikasikia kipaza sauti kinamtaja baba yangu kwa jina lake, na jina la baba yake, na kwamba atazikwa baada ya Alasiri.

Nikatoka nje nimeshika sufuria. Kina mama walikuwa wanakuja njia nzima, na mikeka, na kuni, na masufuria makubwa vichwani. Nyuma yao vijana walipita na majembe begani wakielekea makaburini. Mmoja wao akanipungia mkono kwa huruma.

Nikampigia Afande. "Watawanye," akasema.

"Afande, waombolezaji unawatawanyaje?"

Akafikiri. "Basi kaza moyo. Anaweza kuwa tayari mmoja wao. Ukiwaambia ukweli, umemwambia na yeye."

Nikakaza moyo. Kaza mpaka lini, hakusema. Wazee wetu waliamini kaburi likishachimbwa halirudi tupu, na mimi nilisikia tangu utoto kwamba wengine hulifukia na mgomba ili kulidanganya. Nikaanza kufikiria wapi nitapata mgomba. Nilikuwa naogopa hivyo.

Kisha shangazi Munira akateremka kwenye basi. Habari zilimkuta hata Babati hajafika, akapanda la kurudi. Tulimsikia tangu kona ya barabara. Akaniangukia shingoni, akalia kilio ambacho sitakisahau, na mimi nikalia machozi ya kweli, kwa woga na kwa aibu. Wakanikalisha mkekani sebuleni, wakanifunika kanga kichwani, shangazi kulia, jirani mmoja mnene kushoto. Nilikuwa mfiwa. Mfiwa hasimami, hapiki, hatumwi, hata kujikuna anakunwa. Afisa wa polisi mwenye pingu kiunoni chini ya gauni, nikawa nimefungwa bila kamba.

Ukuta wa sebule ile na chumba cha baba ni mmoja. Wakati wake wa maumivu ulipofika nikamsikia akigumia, kidogo tu. Nikapiga ukelele. Wanawake wote wakaunga, nyumba ikajaa kilio. Tukinyamaza, nategea sikio. Akigumia, nalia. Shangazi akawa anawaambia watu, "Mwoneni alivyompenda baba yake."

Jua lilikuwa limeanza kuupita utosi. Kupitia dirisha niliweza kuona kipande cha ua, mafiga ya kina mama yaliyokuwa yanachemsha maji, na ubao wa jeneza la msikiti umeegemezwa ukutani. Nikamwona mtu anachota maji ya moto kwa kopo, anatia kwenye ndoo, taratibu, asimwage. Mrefu. Kofia haimtoshi.

Filipo.

Kama Filipo yuko kwenye mafiga, mlangoni kwa baba yuko nani?

Baadaye alinieleza, na kusema kweli nisingeweza hata kumfokea. Mtu mzima mmoja wa kanzu alifika, akamsalimia, akampa pole ya mkwe kwa kudhani amenioa, akamwambia yeye ndiye mwosha, ametoka mbali, naomba maji ya uvuguvugu kijana wangu. Kwao Filipo, mtu mzima akikutuma msibani unakwenda, na ukikataa umemtukana marehemu. Hakujua kwamba kwetu hakuna mwosha anayejileta. Anayemwosha mzazi wetu tunamjua, na tunamwita sisi.

"Filipo!" nikapiga kelele. Wanawake wakadhani kilio kimenipanda tena, wakaunga kwa nguvu zao zote. Filipo hakugeuka.

Nikasimama. Shangazi akanivuta chini.

"Niacheni! Yuko hai! Baba yuko hai!"

"Ndiyo, mwanangu," akasema jirani mnene, akinikumbatia kiuno. "Yuko hai kwa Mola wake."

"Yupo chumbani anapumua! Wallahi anapumua!"

"Mshikeni, mshikeni, uchungu umempanda kichwani." Mikono ikaniongezeka. Mmoja kanishika miguu, mmoja ananipepea na upande wa kanga, mwingine ananimiminia maji kifuani. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo walivyonikaza. Nikamsikia baba, upande wa pili wa ukuta, akisema neno moja ambalo sikulielewa, kisha kitu kikaanguka. Nikamng'ata shangazi yangu mkono, na hata hivyo hakuniachia, akawa ananiambia ng'ata mama, ng'ata upoe.

Nikaacha kulia. Nikamgeukia, nikatumia ile sauti ya kazini, ya chini.

"Shangazi. Mimi ni polisi. Mle ndani kuna mwizi."

Neno "yuko hai" halikumtoa mtu mkekani. Neno "mwizi" liliwainua wote. Shangazi Munira akaniachia, akashika mwiko wa ugali, akatangulia yeye.

Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Tuliusukuma kwa mabega sita, komeo likang'oka na kipande cha ubao. Stuli ilikuwa imelala chini. Mtu wa kanzu nyeupe alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, chupa ya kijani kifuani. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshikwa na baba, juu ya shuka. Nguvu za baba siku zile zilikuwa za kushika kikombe kisichojaa. Yule mtu angejinasua kwa kutikisa mkono tu. Hakuweza. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, jasho linamchuruzika, anamtazama maiti aliyemfunua shuka akamkuta anamtazama.

"Umekawia, Kulu," akasema baba. "Mgeni anataka kuniosha na nguo zangu zimo mwilini."

Nikamfunga pingu. Filipo akaingia na ndoo yake mkononi, akaona, akaiweka chini, akaanza kulia. Nje zikasikika kelele. Wapo waliomwona baba ameketi wakakimbia mpaka barabarani, wapo waliopiga takbira, na wapo waliosikia neno mwizi tu. Hao ndio walionitisha. Vijana walikuwa wamerudi kutoka makaburini na majembe yao yenye udongo mbichi. Nimeshamwona mtu aliyeangukia mikononi mwa wenye hasira, sitaki kumwona tena. Filipo akasimama kwenye mlango usio na komeo, mrefu vile, na wazee wa msikiti wakaja kusimama naye.

"Jina lako?" nikamuuliza yule mtu. Walau mmoja amuulize.

"Iddy. Mimi ni dereva. Wa hospitali. Mimi ndiye ninayepeleka vifurushi stendi."

"Uko chini ya ulinzi kwa wizi wa mofini."

Akaitazama chupa, halafu akanitazama mimi. "Humo hamna mofini, dada. Humo ni maji."

Sikumwelewa. Nikafungua kizibo, nikagusisha kidole ulimini. Nimefanya kazi hii miaka ya kutosha kujua kwamba mofini ni chungu, hospitali iitie rangi yoyote. Haya yalikuwa maji ya bomba, na rangi ya kijani ya kutilia keki.

Akaeleza kila kitu pale chini sakafuni, bila kuulizwa, haraka haraka, kwa kuhofia majembe. Chupa ya kweli ilikwenda Chimwaga, mgonjwa alipelekewa ya maji. Chupa tupu alikuwa nazo, lebo aliandika mwenyewe. Mgonjwa akilalamika, nesi anapandisha dozi, na dozi ikipanda dawa inayotoka stoo nayo inaongezeka. Shida ilikuwa mabaki. Ndugu wakiyarudisha hospitali mtu angeyaonja, angejua. Ndiyo maana alikuwa anakwenda misibani. Sisi tulimfukuza kama mwizi wa dawa, kumbe alikuwa anafuata maji yake. Kwa baba alitaka kuiwahi chupa kabla watoto wa marehemu hawajaanza kupanga vitu, na mwosha ndiye anayeachwa na maiti peke yake.

Nikamtazama baba. Ile kanga aliyokuwa akiiuma ilikuwa imetoboka.

"Ya kwake iko wapi? Ya kweli?"

"Kwenye gari. Chini ya kiti. Bado sijaipeleka Chimwaga."

Filipo alikwenda mbio akaileta. Kijani ileile, huwezi kutofautisha. Nikaonja: uchungu mpaka masikioni. Baba alikuwa amekwisha kujikunja, wakati wake ulikuwa umepita zamani, na yote yale aliyoyafanya kwa ushujaa sasa yalikuwa yanamdai. Nikachukua sirinji ya kupimia, nikavuta mpaka kwenye alama aliyoiweka Yasinta mara ya mwisho, ile ya juu kabisa. Nafuu aliyonyimwa miezi yote ile ilikuwa mkononi mwangu. Baba akafungua mdomo kama mtoto wa ndege.

"Usimpe hiyo!" Iddy akapiga kelele. "Dada, usimpe! Utamuua!"

"Nyamaza wewe!"

"Hajawahi kuinywa! Tangu aanze hajawahi! Yule mwanafunzi hakufikisha kiasi hicho!"

"Sajenti, anakuchanganya tu," akasema Filipo pale mlangoni. "Mwongo huyu."

Mwongo, ndiyo. Mwongo wa kanzu na wa koti. Na baba alikuwa anatazama sirinji, macho yamemtoka, anasema, "Kulu, nipe. Nipe, mwanangu." Nikampigia Yasinta kwa mkono wa kushoto. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Nikapiga tena. Mkono wa kulia ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye mdomo wa baba, nauvuta nyuma, unakwenda tena. Sijawahi kuogopa vile na sidhani kama kuna woga mwingine uliobaki. Nikikataa, namtesa mzazi wangu kwa maneno ya mwizi. Nikimpa, huenda nimemuua mimi, mbele ya watu waliokwisha kumchimbia kaburi.

Yasinta akapokea. Nikamweleza kwa sentensi zisizo na kichwa.

"Rudisha," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini ghafla. "Rudisha yote kwenye chupa. Kama alikuwa anakunywa maji, mwili haujazoea. Mpe kile kidogo cha siku ya kwanza kabisa. Hesabu ni mgonjwa anayeanza leo. Na usimwache hata dakika, mwangalie anavyopumua. Mungu wangu. Na wale wengine? Kuluthumu, na wale wengine?"

Nikairudisha dawa, nikamwaga kidogo kwenye shuka, nikavuta tone la siku ya kwanza. Baba akalimeza, akakunja uso.

"Chungu! Mmenitilia nini?"

Tukangoja. Filipo akamtoa Iddy kwa mlango wa nyuma wa ua pamoja na wazee. Shangazi akafukuza watu dirishani. Nilikaa namtazama baba usoni, na taratibu uso ule ukaanza kulegea. Mikunjo iliyokuwa kwenye paji, iliyokuwa kando ya mdomo, ile niliyodhani ni ya uzee, ikaondoka mmoja mmoja. Akanyoosha mguu wa kushoto, ambao hakuwa ameunyoosha tangu kabla ya mvua. Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Kulu," akasema polepole, kwa mshangao. "Kumbe dawa yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona hamkusema? Mimi nilidhani naikosea kuinywa."

Nikashika mkono wake, nikauweka shavuni kwangu, nikalia bila sauti. Nilimfikiria mama Loisi wa Kizota, na nyumba zote zile tulizozizunguka na Filipo, waliomsifu mgeni wao kwa unyenyekevu wake. Wagonjwa wao waliambiwa wavumilie, wakavumilia mpaka wakafa, na kila tone walilomeza lilikuwa maji ya bomba. Hao nitawaambia nini?

Baba akafumba macho. Usingizi ukamchukua palepale, mzito, usingizi wa mtu aliyenyimwa miezi mingi. Pumzi ikatoka. Nikangoja. Ikaingia. Nikasogeza sikio mpaka mdomoni mwake, naogopa kumwacha alale na naogopa kumwamsha.

Shangazi Munira akachungulia, kitambaa amekifunga mkononi pale nilipomng'ata. Akamtazama kaka yake kwa muda mrefu.

"Watu wote bado wamekaa nje," akaninong'oneza. "Wanauliza waondoke, au wasubiri."

Pumzi ya baba ikatoka. Nikamwinulia shangazi kidole asubiri, nikangoja iingie.